Majina ya wakulima yaliyonasa kwenye XML

Msimu ule wa korosho nilikuwa Tandahimba, nasaidia mambo ya kompyuta kwenye chama kimoja cha msingi. Mnada ulishapita, hela imeshaingia, imebaki orodha tu ya kupeleka benki: jina, akaunti, kilo.

Sasa mfumo tuliourithi, kila stakabadhi ya mkulima imetunzwa nzima nzima kama XML (maandishi ambayo kila taarifa imefungwa kati ya alama mbili za jina lake) kwenye kolamu moja ya Postgres, programu ya kutunza data, yaani ukifungua unaliona jina la mzee wa watu lile pale kati ya <jina> na </jina>, unalisoma kabisa, afu ukiliomba kwa xpath, njia ya kuchomoa kipande cha XML, yaani xpath('//jina/text()', data), unaletewa {}, orodha tupu. Mistari yote hivohivo. Hakuna hata ujumbe wa kosa, na hicho ndo kilinitisha, bora ingelalamika ningejua pa kuanzia.

Mama mhasibu kila akipita, "Mwanangu, bado?" Wazee wamejaa nje toka asubuhi, na huku kusini kila mtu anajua hela ya korosho ikichelewa inakuwaje, mtu ana mgonjwa, ana ada, anaenda kwa watu wa kangomba anauza korosho ambazo hata hazijaanguka, kwa bei ya kutupa. Iliniuma sana.

Kumbe jibu liko mstari wa kwanza wa stakabadhi: xmlns="...". Ikiwepo hiyo, jina lina ukoo wake (namespace), na usipotaja ukoo halikuitikii. Postgres nayo haikubali uuache bila kifupi, lazima uupe mwenyewe, mimi nikauita k, nikaandika //k:jina/text(). Yakatoka! Ila yametoka na mabano, maana xpath inarudisha orodha, ukitaka neno lenyewe unachukua [1], yaani la kwanza, afu ::text, liwe maandishi ya kawaida. Na akaunti za mtu na mkewe zilizoandikwa kwa & zikatoka &amp;. Jina kama hilo benki hawalipi.

Nikahamia XMLTABLE, inayogeuza XML kuwa jedwali, ipo toka Postgres 10 ya mwaka 2017. Pale unasema mara moja tu, jina ni text, kilo ni numeric, njia zake hizi, kila kitu kinakaa kwenye kolamu yake na &amp; inarudi kuwa & yenyewe. Nikajumlisha kilo, nikalinganisha na karatasi ya ghala, sawasawa. Faili likaenda benki alasiri ileile, mama akatoka kuwaambia wazee.

Ile query, yaani ombi lenyewe la data, nikaihifadhi kama view (ombi lililopewa jina, unalisoma kama jedwali), ili msimu unaofuata atakayekaa pale asome majina na kilo moja kwa moja, bila kugusa XML.