Bibi, hogo na vitabu vya wachekeshaji

Bibi yangu aliteleza uani kwake, Tanga, asubuhi moja akitoka kuchota maji kwenye pipa, akavunjika mguu chini ya goti. Hospitali wakamfunga hogo, wakampa magongo mawili na onyo moja: wiki sita, mguu usikanyage chini. Mkataba wangu wa kazi Dar ulikuwa umekwisha mwezi ule ule, kwa hiyo kikao cha ukoo cha kuamua nani aende kumuuguza hakikuchukua hata dakika kumi.

Kumuuguza Bibi si kupika wala kufua. Hayo shangazi na majirani walisaidia. Kazi ni kumfanya atulie. Siku ya tatu nilimkuta jikoni, hogo kaliegemeza kwenye kinu, anapepeta mchele. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipozaliwa, "mimi si gunia la kuwekwa stoo." Televisheni yake ilikuwa imeungua kwa umeme wa kukatika na kurudi, na bila televisheni hakuna Mzee Majuto. Filamu za Majuto Bibi amezitazama mpaka hujibu yeye kabla mwigizaji hajajibu. Sasa jioni zilikuwa ndefu na mguu unawasha ndani ya hogo.

Kwenye begi nilikuwa na vitabu vitatu, vyote vya Kiingereza, vyote vya wachekeshaji wanaosimulia maisha yao. Cha Trevor Noah na cha Charlie Chaplin nilivinunua vya mtumba kwa wauzaji wa kando ya barabara kule Posta. Cha Steve Martin aliniachia rafiki aliyehama. Nikasema potelea mbali, nitamsomea.

Usiku wa kwanza ulikuwa aibu. Nilianza na Noah, kitabu chake cha mwaka 2016 kinachoitwa Born a Crime. Nikawa nasoma sentensi kwa macho, naitafsiri kwa mdomo, nasoma nyingine, natafsiri. Bibi alinivumilia kurasa mbili. "Unanisomea risiti ya duka?" akauliza, akageukia ukutani.

Nilikaa nalo usiku ule. Kesho yake mchana, yeye amelala, nilisoma sura nzima peke yangu, nikaifunga, nikaosha vyombo huku naipanga kichwani. Jioni sikukishika kitabu. Nilikaa kwenye mkeka, nikasema, "Paukwa." Akanitazama kama mtu aliyepigwa na harufu ya zamani. "Pakawa," akajibu, na kuanzia hapo tukaenda hivyo kwa wiki tano na siku zake.

Kanuni nyingine nilijifunza njiani. Majina ya kigeni nilipunguza. Mama yake Noah anaitwa Patricia, lakini kwetu alikuwa "mama yake" tu. Basi dogo la abiria la Johannesburg likawa daladala, kwa sababu ndivyo lilivyo. Na kuongeza utani wangu mwenyewe nilikoma mapema. Nilijaribu mara moja, kidogo sana, Bibi akainua kidole: "Hapo umetia chumvi. Rudi nyuma." Sijui alijuaje.

Jina la kitabu lilinipa shida ya kwanza ya maana. "Kuzaliwa kosa," nikasema. Bibi akauliza, "Kosa la nani, la mama au la mtoto?" Ikabidi nimweleze Afrika Kusini ya makaburu. Sheria ya 1927 iliyokataza Mzungu na Mwafrika kulala pamoja: mwanamume jela hadi miaka mitano, mwanamke hadi minne. Noah alizaliwa 1984, mama Mxhosa, baba Mswisi. Mtoto mwenyewe, rangi yake ile, ndiye ushahidi. Wakitembea njiani na polisi wakatokea, mama humwachia mkono kana kwamba si wake.

Halafu nikamsimulia siku ile kwenye bustani, Johannesburg. Mama, mtoto, na baba Mzungu ambaye lazima atembee mbali nao. Mtoto akamwona, akaanza kumkimbilia akiita "Baba! Baba!" Watu wakageuka. Baba akaingiwa na hofu, akatimua mbio. Mtoto akadhani ni mchezo wa kukimbizana, akazidisha mbio na kelele. Bibi alicheka mpaka hogo likagonga kingo ya kitanda. Kisha kicheko kikakatika, akakaa kimya, akauliza, "Alimpata?" Usiku ule nilielewa kwamba nina kitabu mkononi.

Kilichomuua Bibi kabisa kwa kicheko ni daladala. Noah ana miaka tisa. Mama yake ni mtu wa kanisa, si moja, makanisa matatu kila Jumapili: la mchanganyiko, la Wazungu, la Waafrika. Volkswagen yao kuukuu imegoma asubuhi, mtoto anasema basi hiyo ni ishara tubaki nyumbani, mama hasikii. Usiku wakirudi, dereva wa daladala anaanza kumtukana mama kwa kabila lake na kumtishia maisha, na gari halisimami. Basi mama anafungua mlango, anamsukuma Noah nje gari likienda, anaruka na yeye, mtoto mchanga kamkumbatia kifuani. Wanakimbia gizani. Wakishapata pa kuegemea, wamechubuka kila mahali, mtoto anamwambia mama yake: najua unampenda Yesu, lakini wiki ijayo mwombe aje yeye nyumbani kwetu. Na wote wawili wanaanza kucheka.

Bibi ni mtu wa swala tano, lakini maneno yale aliyabeba. Kesho yake jirani alipokuja kumuaga kwenda kwenye maulidi mtaa wa tatu, akamwambia, "Mwambieni sheikh aje yeye."

Sehemu ngumu niliichelewesha. Mwaka 2009, baba wa kambo wa Noah, aliyekwisha kuachana na mama yule, alimpiga mama risasi. Moja ilimpata kichwani kwa nyuma, ikapita bila kugusa ubongo, ikatokea puani. Noah yuko hospitali analia kitandani kwa mama yake, na mama, uso umefungwa bendeji, anamwambia asilie, atazame upande wa heri: sasa rasmi yeye Noah ndiye mzuri wa sura kuliko wote katika familia.

Niliogopa Bibi angeona ni ukatili. Yeye akapiga paja la mguu mzima. "Huyo mwanamke mtani!" Akanikumbusha msiba wa babu, nilipokuwa mdogo, watani walivyoingia kaburini wakalala humo, wakasema hawatoki mpaka walipwe, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanalia na kucheka kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimekisoma kisa cha risasi mara mbili Dar na kukiona cha ajabu, cha kigeni. Bibi alikiona cha kwao.

Chaplin alikuja wiki ya tatu. Hapa sikuhitaji utangulizi, kwa sababu tangu tukiwa wadogo mtoto yeyote anayeleta vituko mbele ya Bibi huitwa chale. "Basi Chale mwenyewe ndiye huyu," nikamwambia, nikamwonyesha picha. Akaitazama sana. "Mbona kijana mzuri?"

Kitabu chake, My Autobiography, kilitoka 1964 na ni kinene kama tofali. Nitasema wazi: theluthi ya kwanza ni dhahabu, na baada ya hapo mzee anakutana na wakubwa. Einstein, Churchill, Gandhi, chakula cha usiku hapa, karamu pale. Nikaziruka kurasa hizo bila kumwambia Bibi, na yeye hakuzikosa. Lakini utoto wa London! Mama yake, Hannah, alikuwa mwimbaji. Usiku mmoja huko Aldershot sauti ikamkatika jukwaani, wanajeshi wakaanza kumzomea. Meneja akamsukuma mtoto wa miaka mitano aimbe badala yake. Mtoto akaimba, watu wakamrushia sarafu. Naye akaacha wimbo katikati, akawatangazia kwamba kwanza ataokota hela, ndipo aendelee. Meneja akaja na leso kumsaidia kuokota. Mtoto akadhani anaibiwa, akamfuata nyuma nyuma mpaka alipoona hela zimefika kwa mama. Ukumbi ukavunjika mbavu. Chaplin anaandika kwamba usiku ule ulikuwa wake wa kwanza jukwaani na wa mwisho wa mama yake.

Hapo nilinyamaza kidogo kwa sababu nilijua Bibi atataka muda.

Baadaye umaskini ukawatia wote watatu, mama, Charlie na kaka yake Sydney, kwenye nyumba ya mafukara ya Lambeth, wanakotenganishwa na kuvishwa sare. Siku moja mama anaomba kutoka na watoto wake, kama wameondoka moja kwa moja. Wanarudishiwa nguo zao, zimekunjamana. Wanakwenda bustanini. Sydney ana peni tisa; wananunua nusu ratili ya matunda ya cheri, wanakula kwenye benchi, wanatengeneza mpira kwa gazeti na kamba, wanacheza. Jioni wanarudi mlangoni kujiandikisha upya, na wenye nyumba wamekasirika kwa sababu nguo lazima zifukizwe tena. Hakuna utani hata mmoja katika kisa hicho. Bibi alinifanya nikirudie siku mbili baadaye, mbele ya shangazi, na nilipokosea idadi ya peni akanisahihisha.

Alipenda pia kwamba Hannah alikuwa akikaa dirishani na kumwigizia mwanawe kila mpita njia: huyu anatoka kugombana na mkewe, huyu hajala. Bibi akaomba kitanda kisogezwe. Tangu siku hiyo dirisha lake la mbele lilikuwa na kazi, na mimi nilijua habari za mtaa mzima. Hakuomba tena kwenda jikoni.

Steve Martin alianguka. Born Standing Up, cha 2007, mimi binafsi nakiona ndicho bora kwa mtu anayetaka kujua kazi ya kuchekesha inavyofanywa kama fundi anavyoranda mbao. Anahesabu mwenyewe: miaka 18 jukwaani, kumi ya kujifunza, minne ya kunoa, minne ya mafanikio makubwa, na mwaka 1981 akaacha. Anaeleza alivyojiuliza ingekuwaje kama utani usingekuwa na pale mahali pa kucheka, watu wachague wenyewe. Nikamweleza Bibi. "Miaka kumi anajifunza kuchekesha?" Akalala. Mshale wa kuchezea uliopita kichwani, ala yake ya banjo, vituko vya makusudi visivyo na maana, vyote vilibaki kwenye Kiingereza kama samaki aliyegoma kutoka wavuni.

Aliamka kwenye habari za baba. Baba yake Martin alitaka kuwa mwigizaji, akaishia kwenye biashara ya nyumba na viwanja. Mwanawe alipotokea kwa mara ya kwanza kwenye kipindi kikubwa cha televisheni, mzee akaandika uhakiki mbaya juu yake katika jarida la chama cha madalali. "La madalali!" Bibi akaketi. "Yaani dalali kamvunjia mwanawe bei!" Basi nikaacha habari za jukwaa, nikaenda moja kwa moja kwa mzee huyo akiwa anakufa, anavyosema anatamani alie kwa ajili ya mapenzi yote aliyopewa na asiweze kuyarudisha. Bibi akasema, "Na huyo ungeanza naye."

Nikajaribu na kitabu cha Tina Fey, mchekeshaji wa Marekani, nikikisoma kwenye simu: Bossypants, cha 2011. Nilicheka sana peke yangu mchana, na jioni nikakuta sina cha kupeleka mkekani. Kila kichekesho kilidai nieleze kwanza kipindi fulani cha Marekani, na kichekesho kilichoelezwa ni kama chai iliyopoa. Hilo si kosa lake. Ila toka hapo ndivyo ninavyochagua vitabu hivi: najiuliza, nikikifunga na kuwaacha watu waliokuwa wakimcheka huyu mtu huko kwao, nimebaki na nini cha kusema "Paukwa"? Vingi hubaki na orodha ya vipindi na ugomvi na mameneja. Vichache hubaki na mama dirishani.

"Na Majuto naye aliandika?" Bibi aliuliza usiku mmoja. Nikamwambia mimi kitabu chake sijapata kukiona. Jina lake halisi Amri Athumani, mtu wa Tanga hii hii, alifariki 8 Agosti 2018 Muhimbili akaja kuzikwa kwao. Bibi akaanza kunisimulia yeye, vituko vya filamu moja hadi nyingine, akiigiza sauti zote, na mimi ndiye niliyelala.

Hogo lilikatwa wiki ya saba, kwa kuwa wiki ya sita daktari hakuwepo. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe wa vumbi, na Bibi akaucheka. Kwenye bajaji tukirudi alikuwa kimya mpaka tulipopita soko.

"Yule mwanamume aliyempiga risasi mama yake Noah," akasema. "Alifungwa miaka mingapi?"

Nilikuwa nimeificha sehemu hiyo makusudi. "Hakulala jela hata siku moja, Bibi. Alikiri kosa, akapewa miaka mitatu ya kuangaliwa nje."

Akageuza uso upande wa barabara. Bajaji ikaruka tuta, akashika goti lake kwa mikono miwili. Tulipokaribia nyumbani akanigusa bega.

"Mume wangu, nisimulie tena pale anapomwambia Yesu aje nyumbani."