Inazima ikifika wapi?

Ijumaa usiku, Nkuhungu

Leo kompyuta imewaka asubuhi na baridi yote hii, nikaizima kwa makusudi, nikaiwasha tena, ikawaka. Kwa hiyo nathubutu kuandika.

Ilianza Alhamisi ya wiki jana. Nabonyeza, feni inaunguruma, nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka, halafu kiza. Inajiwasha yenyewe, inafika palepale, kiza tena. Mara moja ikanitolea skrini ya bluu yenye maandishi ambayo sikuwahi kuyamaliza kusoma kabla hayajapotea.

Ndani yake mna hesabu za kikoba chetu. Akina mama ishirini na wawili, mimi mweka hazina, mgao ni kesho. Daftari la karatasi niliacha kulijaza tangu Machi, nikijiona wa kisasa.

Hukumu niliitoa kabla ya uchunguzi. Jumatano, siku moja kabla haijaanza, mwanangu Baraka alikuwa amechomeka flashi ya magemu aliyopewa na rafiki yake. Basi: virusi! Nikamnyang'anya flashi, nikampiga marufuku kugusa kompyuta. "Mama, mbona hiyo flashi haikufungua gemu hata moja?" akasema. Nikamwambia asinijibu.

Jumamosi mchana nikafungua ubavu wa sipiyu. Jamani, vumbi la Dodoma! Upepo wa Julai unaingiza udongo mwekundu hata kwenye sukari, sembuse kwenye feni isiyozibwa na kitu. Nikalisugua kwa brashi ya rangi. Nikachomoa ramu zote mbili, vile vibao vya kumbukumbu ya mashine, nikafuta meno yake kwa raba ya shule ya Baraka kama nilivyowahi kuona mafundi wakifanya. Nikabadilisha na waya wa umeme, wa monita nikauhamishia kwenye sipiyu. Yote kwa mkupuo mmoja. Ikawaka! Nikapika chai ya maziwa, nikajipongeza, nikamtumia ujumbe katibu wetu kwamba mambo yako sawa. Wala sikukumbuka kunakili zile hesabu kwenye simu. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Jumapili alfajiri, kiza. Na sasa nilikuwa vibaya kuliko mwanzo, maana nilifanya mambo matatu pamoja na sikujua lipi ndilo lililoisaidia jana yake.

Jumatatu nikampigia kijana mmoja fundi, ana kibanda karibu na soko la Majengo. Nikaanza kumsimulia habari za flashi. Akanikatiza kwa adabu: "Samahani mama, inazima ikifika wapi?"

Nikanyamaza. Siku nne nimekaa mbele ya ile mashine na swali langu lilikuwa nani kaigusa.

Akanieleza kwamba pale inapokatia ndipo pa kuanzia. Ikizima hata picha haijatokea, au ikilia bip-bip, mara nyingi hutazamwa ramu. Ikifika kwenye nembo ikaganda, diski inashukiwa, au Windows yenyewe. Ikikubali kukaa kwenye ule ukurasa wa mipangilio wa mwanzo kabisa, kabla ya Windows, lakini ikafa pale kazi inapopamba moto, basi tuuangalie umeme unaoilisha. "Jaribu kitu kimoja kimoja, mama, uandike."

Nikachukua daftari la mazoezi. Ramu moja tu: imezima. Ile nyingine peke yake: imezima. Hali salama ya Windows, ile inayowasha vya lazima tu: imezima. Ukurasa wa mipangilio: nimeiacha dakika arobaini nikichambua mchele, haikutikisika. Kila jaribio nikaliandikia saa, bila sababu yoyote ya maana, ni tabia tu ya mweka hazina.

Aliyesoma lile daftari vizuri kuliko mimi ni mama mkwe, na hajui kompyuta ni nini zaidi ya kwamba inakula umeme. Yuko kwetu tangu Juni kwa ajili ya kliniki ya magoti. Jumatano asubuhi, kajifunika kitenge juu ya sweta, ananitazama nikibonyeza kwa mara ya tano, akasema: "Mama Baraka, hiyo ni kama mimi. Asubuhi haiamki. Ngoja jua lipande."

Nikacheka. Kisha nikafungua daftari. Saa 12 asubuhi, imezima. Saa 1, imezima. Saa 7 mchana, imewaka jaribio la tatu. Saa 8, imewaka. Na ile Jumamosi ya raba na brashi? Ilikuwa saa 8 mchana.

Nilipomsomea fundi zile saa kwenye simu, alisema mara moja: "Mama, niletee."

Jana nimeipakia kwenye bajaji, nimeipakata kama mtoto. Kwanza akatoa diski akaichomeka kwenye mashine yake: hesabu zote zipo, hadi za Juni. Hapo nikapata nguvu za kukaa kwenye benchi. Kisha akapima pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme. Waya wa njano unatakiwa kutoa volti 12, na haipaswi kushuka chini ya 11.4. Mashine ikiwa imetulia ilisoma 11.8. Windows ilipoanza kupanda, diski na prosesa zikavuta kwa pamoja, ikaporomoka hadi 10.7, kiza. Akaifungua (mimi alinikataza kabisa kujaribu nyumbani, kwani ndani hubaki umeme hata ukishachomoa waya) akanionyesha kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, vichwa vimevimba kama maandazi. Zikizeeka huwa hivyo, na baridi huzilemea zaidi. Zikipata joto hujikongoja.

Pawasaplai ya mtumba, elfu thelathini na tano pamoja na ufundi.

Usiku huohuo nilinakili hesabu sehemu mbili. Moja ni kwenye ile flashi ya Baraka. Nilimwita, nikamwambia nilimwonea. Akauliza kama magemu yake bado yamo. Flashi ilikuwa haina kitu, tena tangu mwanzo; rafiki yake alimpa tupu.

Mama mkwe amesikia bei akatikisa kichwa. "Elfu thelathini na tano tu, na imeamka? Hebu muulize huyo kijana kama anashika na magoti."