Nilivyomzoesha kasuku wangu kuoga

Hodi aliingia nyumbani kwetu Maskati mwezi wa Machi, akiwa na miaka sita, pete mguuni na mkia mwekundu wenye mapengo mawili. Ni kasuku wa kijivu, wale ambao kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na Kongo mpaka Uganda na Kakamega, ila yeye msitu hajawahi kuuona. Aliangulikia kwa wafugaji, na ile pete yake isiyo na kiungo, ambayo huvalishwa kinda mguu ukiwa bado mwembamba, ndiyo ushahidi. Hilo nililiangalia kabla ya kumpokea, kwa sababu tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Jina alikuja nalo. Mlango ukigongwa tu, yeye anapiga hodi kabla ya mgeni.

Kilichotushinda ni unga. Kasuku wa kijivu ana manyoya laini chini ya yale ya nje, na manyoya hayo humomonyoka yakawa unga mweupe ambao ndege hujipaka mwili mzima. Msituni mvua inauosha. Kwetu sisi, kuanzia Mei joto linapita nyuzi 40, madirisha hayafunguliwi na kiyoyozi kinapuliza kutwa kucha, kwa hiyo ule unga ulikuwa unazunguka humo humo. Ulitua juu ya runinga, juu ya kabati, hata kwenye buibui la Mama. Na Mama ana pumu. Wiki ya pili akaanza kuamka usiku kutafuta dawa yake ya kuvuta, na asubuhi moja akaniambia, bila hasira, "Mwanangu, nampenda huyu ndege. Lakini ama aoge, ama atafutiwe nyumba nyingine."

Nikanunua chupa mpya ya kunyunyizia, nikatia maji ya uvuguvugu, nikasimama mbele ya tundu. Nilibonyeza mara moja tu. Hodi alianguka kutoka kwenye kijiti chake, akajibana pembeni kabisa mwa tundu, manyoya yamemlala mwilini, akawa ananguruma. Aliyewahi kusikia kasuku wa kijivu akinguruma anaijua ile sauti. Inatoka ndani kabisa, na ni ya woga kuliko ukali. Siku tatu hakupokea hata karanga mkononi mwangu.

Nilimpigia simu aliyekuwa akimfuga kabla yangu. Akanieleza kwa wepesi kabisa kwamba Hodi alikuwa na tabia ya kupiga kelele jioni, na dawa yake ilikuwa kumpulizia maji usoni mpaka anyamaze. Miaka minne hivyo. Nilikata simu nikakaa chini. Kitu ambacho kingekuwa mvua yake kilikuwa kimegeuzwa fimbo. Watu wengi hufanya hivi na huambiana kuwa ni njia nyepesi isiyomwumiza ndege. Inamwumiza. Mimi nimeyaona macho yake.

Ile chupa niliitupa siku hiyo hiyo.

Daktari wa wanyama alimkagua akasema mwili hauna ugonjwa, ngozi ndiyo imekauka. Akanipa mambo machache ya kushika: maji matupu, bila sabuni wala mafuta, aoge asubuhi ili usiku umkute amekauka, na asilazimishwe kabisa. Hilo la mwisho ndilo lililonikalia kichwani, maana Mama alikuwa anakohoa na mimi nilikuwa na haraka.

Nilianza na sinia dogo lenye maji ya kina cha vidole viwili, nikaliweka chini ndani ya tundu. Alilipindua. Kesho yake akalipindua tena. Wiki nzima nilikuwa nafuta sakafu.

Jambo lililonifungua macho lilitokea jikoni. Tundu lake liko sebuleni, na mlango wa jiko uko hatua chache tu. Siku moja naosha vyombo, bomba liko wazi, nikasikia kurupushani. Hodi alikuwa ameinamia kikombe chake cha maji ya kunywa, anachovya kichwa, anajitikisa, manyoya yamemvimba mgongoni. Nilipofunga bomba aliacha. Nilipolifungua akaanza upya. Kumbe hakuyachukia maji. Sauti ya maji yanayomwagika ilikuwa inamwita, na alichokiogopa ni mkono wa mtu ulioshika kitu na kumwelekezea.

Basi nikaamua kwamba maji yatakuwepo alipo, lakini hayatatoka mkononi mwangu. Nilinunua kotmiri, nikaiosha vizuri kuondoa dawa za shambani, nikafunga fungu zima likiwa linachuruzika na kulining'iniza juu ya kijiti chake. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua bomba nikajifanya nina kazi. Alikuja kula. Alivuta tawi, matone yakamwangukia kichwani. Akatulia. Akavuta tena. Halafu akaingiza shavu katikati ya majani, akasugua, akageuka akasugua na upande wa pili, akapitisha mgongo wote chini ya fungu kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo zilizolowa. Baadaye nilisoma kwamba ndege wengi wa msituni huoga hivi hivi, kwenye majani yenye umande au maji ya mvua. Wakati ule sikujua. Nilisimama jikoni machozi yananilengalenga, na ndoo ilikuwa imejaa mpaka inamwagika.

Kuanzia hapo nilikuwa na mlango wa kupitia. Kila asubuhi baada ya kotmiri nilimbeba kwenye kijiti nikampeleka bafuni. Mbegu za alizeti, ambazo anazipenda kuliko chochote, niliziondoa kabisa kwenye chakula chake cha kila siku. Zikawa za bafuni tu. Siku za mwanzo bomba la mvua lilikuwa limefungwa, tunakula mbegu tunatoka. Kisha nikalifungua kidogo, nimelielekeza ukutani, yeye yuko mlangoni umbali wa hatua nne. Manyoya yakimlala na shingo ikirefuka, narudi nyuma nusu hatua. Akitikisa mkia na kuchambua manyoya yake, nabaki pale pale. Hatua nne hizo zilituchukua wiki sita. Kila nilipofungua maji nilisema neno moja, "Mvua," kwa sauti ile ile.

Katikati tulirudi nyuma. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo, akataka kunisaidia, akafungua maji kwa nguvu. Hodi akaruka akajigonga kwenye kioo. Hakuumia, lakini siku tisa tulirudi kula mbegu mlangoni bafu likiwa kavu, na mtoto yule nilimfundisha kumpa Hodi mbegu yeye mwenyewe, akiwa amekaa sakafuni.

Mwishoni mwa Julai, maji yakiwa yanagonga ukuta na vijitone vinarudi kama manyunyu, Hodi alishuka kwenye kijiti akatembea sakafuni mpaka chini yake. Alitandaza mabawa yote mawili, akaukunjua mkia kama kipepeo, akainamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka akalowa na kuwa mwembamba kama kuku aliyenyeshewa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ushungi ameuziba puani. Akasema, "Masikini, alikuwa na kiu ya ngozi."

Kuhusu kumkausha: nazima kiyoyozi cha chumba, namwacha dirishani penye jua la asubuhi, anajichambua mwenyewe kwa saa nzima. Mashine ya kukaushia nywele situmii. Baadhi yake zina vyuma vilivyopakwa utando ule ule wa vikaango visivyoshika chakula, na utando huo ukipata moto kupita kiasi hutoa moshi unaoua ndege kwa dakika chache. Vikaango vyangu vya namna hiyo navyo niliviondoa jikoni.

Unga haujaisha, kwa kasuku wa kijivu hauishi, na tuna mashine ya kuchuja hewa karibu na tundu pia. Lakini Mama analala usiku. Mkia umejaa, penye yale mapengo paliota manyoya mapya alipoyabadilisha. Siku hizi anaoga Jumatatu na Ijumaa, na nikichelewa husikia kutoka sebuleni, "Mvua! Mvua!"

Chupa ya kunyunyizia bado hawezi kuiona. Mgeni mmoja alikuja nayo, ya marashi, na Hodi alinguruma kabla haijatoka vizuri mkobani. Kwa hiyo nyumbani kwetu haipo ya aina yoyote. Nguo za kupiga pasi nazirashia maji kwa vidole, kutoka kwenye bakuli.