Vita vya Kagera baada ya Aprili 11

Nafundisha historia sekondari hapa Tabora, na kila Siku ya Mashujaa inapokaribia, wanafunzi wangu husimulia vita vya Kagera kwa mtindo uleule. Nduli Idi Amin wa Uganda aliingia, Mwalimu Nyerere akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, vijana wakampiga, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Hapo msimulizi anakaa na wenzake wanampigia makofi. Mimi nimelelewa na mtu ambaye vita vyake havikuishia hapo. Kwa sababu yake siwezi kukubali kwamba siku mji mkuu wa watu wengine unapoanguka ndiyo siku ya ushindi.

Baba alikuwa askari wa vyeo vya chini. Sasa amezeeka, tunakaa naye Isevya, na majirani bado wanamwita Afande. Aliingia Uganda mwanzoni mwa 1979 na akarudi moja kwa moja 1981. Ukimuuliza habari za Lukaya, ambako walipambana hadi na Walibya waliotumwa na Gaddafi, anakujibu kwa maneno machache, kisha anaomba chai. Anayoyasimulia kwa urefu ni ya baadaye, kwenye kizuizi cha barabarani upande wa Masaka, ambako kikosi chao kiliwekwa kulinda njia.

Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo moja na mapipa yaliyojazwa mchanga. Jirani yake aliishi mama mmoja muuza ndizi. Siku za mwanzo alikataa katakata kupokea pesa yao. Alikuwa akija na mkungu kichwani, anautua juu ya pipa, anapiga goti kama ilivyo desturi ya kwao, anaondoka. Baba anasema waliona haya kuula. Baadaye mama akaanza kuwauzia, kwa bei aliyowauzia abiria wa mabasi, na askari wakafurahi, maana ilikuwa dalili kwamba maisha yamerudi na mtu anajali biashara yake. Mwaka uliofuata bei ya askari ikapanda, ya abiria ikabaki palepale. Hatimaye ikawa mama akisikia tu mlio wa gari la jeshi anaingiza mikungu ndani na kutia komeo. Baba anasisitiza kwamba hakuna mtu wa kikosi chao aliyemgusa. Lakini usiku watu walikuwa wakivamiwa na kuporwa na wenye magwanda, na anayevamiwa gizani hana muda wa kuuliza gwanda hili ni la jeshi gani. Mlango ule ulipoanza kufungwa mchana, ndipo baba alipojua kwamba wamekaa kupita kiasi.

Huko kwa wakubwa nako mambo hayakuwa shwari. Yusuf Lule, aliyepatikana katika mkutano wa Moshi wa Machi 1979, alikaa madarakani siku 68 tu. Akafuata Godfrey Binaisa, naye akaondolewa na Tume ya Kijeshi Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukamrudisha Milton Obote, wapinzani wake wakalia kwamba kura zimeibwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni, aliyepigana upande wetu dhidi ya Amin, akaingia msituni kuanza vita vyake. Yote haya yalitokea askari wetu wakiwa bado wako Uganda. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kijeshi kutuzidi katika nchi ile, na bado hatukuweza kuwapatia wenyeji serikali wanayoikubali wote.

Huku nyumbani tulikuwa tumeombwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita na mkanda ukazidi kukaza. Nilikuwa mdogo, lakini naikumbuka foleni ya sabuni, unga wa njano tuliouita yanga, na mama akikata mche wa sabuni kwa uzi ili jirani naye apate kipande. Vita havikuwa sababu pekee. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika tangu 1977. Lakini jeshi lililoko nje ya nchi linakula kila siku, na sehemu ya chakula hicho ilitoka kwenye foleni ile. Wanafunzi wangu hawajui kabisa kwamba foleni zile na makofi yao ni habari moja.

Agosti 2021 tulikaa na baba mbele ya televisheni tukiangalia Taliban wakiingia Kabul na watu wakikimbilia ndege uwanjani. Marekani na washirika wake walianza mashambulizi Afghanistan Oktoba 7, 2001, na katikati ya Novemba Taliban walikuwa wameikimbia Kabul. Ukihesabu kwa hesabu ya darasani kwangu, vita viliisha pale, ndani ya wiki sita, kwa ushindi mkubwa. Ikapita miaka ishirini, na waliofukuzwa wakarudi kukalia viti vilevile. Iraq nako Mei 1, 2003 Rais George W. Bush alihutubia juu ya manowari, USS Abraham Lincoln, nyuma yake kukiwa na bango kubwa la kutangaza kwamba kazi imekamilika. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 4,000 walikufa Iraq baada ya siku hiyo, na Wairaki waliokufa ni wengi kuliko hao kwa mbali sana. Baba aliangalia ile taarifa ya Kabul hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Miaka yote hiyo, hao vijana ndizi walikuwa wananunua kwa nani?"

Swali hilo sijaliacha tangu siku ile. Majeshi hupima ushindi kwa miji iliyotekwa na viongozi waliokamatwa. Baba anapima kwa mtu wa barabarani, kama bado anakuuzia au ameshafunga mlango, na kipimo hicho kingewaonyesha Wamarekani mapema sana walikokuwa wanaelekea.

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kulijua hili kabla ya televisheni. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwasumbua Wajerumani hata wakashindwa kuliteka boma lake kwa mashambulizi ya 1892. Januari 1893 ofisa wao Tom Prince akalivunja, na Isike akajilipua kwa baruti ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakaandika kwamba wameshinda, wakakaa miaka 23. Septemba 19, 1916, katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakawa wameukimbia mji, na jeshi la Wabelgiji chini ya Charles Tombeur likaingia na askari wake wa Kongo. Nao wakaandika kwamba wameshinda. Brussels kuna mtaa wenye jina la Tabora, na Tombeur mwenyewe alipopewa ubaroni aliongezewa jina la mji wetu kwenye jina lake. Cha kuumiza ni kwamba mji huu hawakuutaka. Serikali yao ilitarajia kuitumia ardhi iliyoteka huku ili katika mabadilishano ipate kutoka kwa Ureno ukingo wa kusini wa mdomo wa mto Kongo. Tabora ilikuwa chenji mkononi. Mpango ule haukutimia. Mji ukaangukia kwa Waingereza, Wabelgiji wakabaki na Ruanda-Urundi pamoja na haki ya kutumia bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Wanyamwezi waliobebeshwa mizigo katika vita vile, wengi wakafia njiani, sijaona mtaa hapa mjini wenye jina lao.

Kwa hiyo nikiulizwa kama tulishinda mwaka 1979, najibu ndiyo, na ninajua tulishinda nini. Oktoba 1978 jeshi la Amin liliteka ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, likaua wanavijiji, likaswaga ng'ombe wao, kisha likalipua daraja la Kyaka. Tulilitoa. Tangu hapo hakuna jeshi la jirani lililorudi kuidai ardhi ile, na vijana waliolala makaburini Kaboya ndio waliolipa gharama hiyo. Hicho ndicho tulichokiendea na tulikipata. Nani atawale Kampala baada ya Amin halikuwa jambo la sisi kulishinda, hata tungekaa miaka ishirini. Na katika yote tuliyofanya ndani ya Uganda, ninalolipa heshima kubwa kuliko hata kuingia Kampala ni kwamba 1981 tulifungasha tukarudi, mambo yakiwa bado yamevurugika, bila kusubiri yanyooke ili tupate la kujisifia. Leo bomba la mafuta kutoka Hoima kwenda Tanga linapita katika mkoa wetu huu, na Waganda wamelijadili nasi mezani, bei kwa bei, kama majirani. Sidhani wangekaa hivyo na jeshi ambalo halikuondoka.

Baba hakubaliani nami kwenye hili la kuondoka. Anasema nisilipambe, tuliondoka kwa sababu nchi haikuwa na hela, na tuliowaacha nyuma waliuawa kwa maelfu huko Luwero, katika vile vita vya msituni vya Museveni. Nimemjibu kwamba tulikuwepo Binaisa alipoondolewa, na tulikuwepo kura za 1980 zilipogombaniwa, na kuwepo kwetu hakukuzuia chochote. Anakubali hilo, halafu anasema kuna watu waliolala usingizi kwa sababu tu kizuizi chao kilikuwa pale, na hao siwezi kuwaona kwenye vitabu vyangu.

Mwaka huu nimemwomba aje darasani awasimulie wanafunzi kuanzia Aprili 12, siku ya pili ya Kampala. Amekubali, kwa sharti kwamba apewe vipindi viwili na mimi nisimkatize.