Kumbukumbu ya mradi: malisho ya nyuki Dagoretti, Nairobi, hadi katikati ya Agosti

Mizinga yangu miwili ya KTBH, ile ya Kenya ya vipande vya mbao juu, inaning'inia nyuma ya nyumba, na shida ni ileile kila mwaka: kuanzia Juni mpaka Agosti. Baridi, mawingu hadi saa sita, nyuki wanachungulia mlangoni na kurudi ndani. Mukinduri huchanua mvua kubwa ikishanyesha, na maua yake hayakawii kwisha. Mijakaranda ni mpaka Septemba. Hapo katikati ni njaa. Mwaka jana niliwawekea maji ya sukari, siafu wakaunusa utamu, wakapanda nguzo usiku. Asubuhi nikakuta mzinga mmoja hauna nyuki hata mmoja, na mkebe wa grisi, ya kupaka nguzo siafu wasipande, bado umefungwa.

Ndiyo maana nimeanza kupanda, nizibe pengo hilo.

Wazo la kwanza lilikuwa la shemeji yangu aliye Berlin. Alinitumia video kutoka barabara ya Unter den Linden, mti mzima unavuma kama kinu cha kusaga mahindi. "Hii ndiyo miti ya nyuki. Nikuletee mbegu?" Mlindeni, Tilia kwa wataalamu, una majani ya umbo la moyo na vishada vya maua ya rangi ya krimu, kila kishada kimeshikwa na jani dogo jembamba kama ulimi. Asali yake wanaisifu kwa ladha inayokaribia mnanaa. Nilitamani, nakiri. Lakini kuingiza mbegu ni mpaka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na hata ukikipata, mbegu yenyewe ina ganda gumu na hulala. Haiamki mpaka ikae miezi kwenye unyevu na baridi kali. Baridi ya Dagoretti inatutetemesha sisi, mlindeni hata hautaiita baridi. Nikamwambia shemeji aje na chokoleti tu.

Jambo jingine likanikalia kichwani. Kuna mlindeni wa fedha, Tilia tomentosa, ambao Ulaya watu huokota nyuki bumbi, wale wanene wenye manyoya, waliokufa chini yake. Zamani lawama ilikuwa ya sukari iitwayo manosi, kwamba mbochi wake, maji matamu ya ua, ni sumu. Mwaka 2017 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, London, walipitia ushahidi wote, hoja ya manosi haikusimama. Njaa ikabaki kati ya sababu zinazofikiriwa. Mti huo huchanua umechelewa, milindeni mingine ikiwa imeshamaliza, kwa hiyo wageni ni wengi na sahani ni moja. Nilisoma hayo nikauona mzinga wangu wa Julai.

Basi nikatafuta ndugu zake wa hapa. Mkole uliwahi kuwekwa na wataalamu katika familia moja na mlindeni, pamoja na mrenda, huu huu wa kupika. Siku hizi wote wamehamishiwa familia ya bamia na pamba, ambako upo pia mti wa mukeu. Jirani yangu anayelima mrenda nilipomwambia mboga yake ina binamu Berlin alicheka mpaka akaketi.

Machi: nililoweka mbegu 40 za mkole usiku kucha. Zilizoota ni 11, tena kwa uvivu. Mukeu niliokota mbegu chini ya mti ulio kando ya mto, ule ambao Julai iliyopita niliukuta na nyuki kwenye maua meupe huku mengine yamekauka rangi ya kahawia bila kudondoka.

Mei: mbuzi wa jirani huyohuyo alikata kamba. Mikole tisa, kwisha. Nilikwenda kulalamika, akaniambia, "Pole sana, baba Njeri. Lakini mkole si chakula cha mbuzi tangu zamani?" Sikuwa na jibu. Alinipa fungu la mrenda.

Agosti: mikole miwili iliyosalia imefika magotini. Kati ya ile iliyoliwa, mitatu imechipua tena kutoka shinani. Mikeu sita iko hai, hakuna wenye ua, wala sikutarajia mwaka huu. Mrenda niliouacha ukue bila kuchumwa ndio umetangulia: Jumamosi, jua lilipotoka saa saba, kwenye viua vya njano nilihesabu nyuki wanne na mmoja mweusi mkubwa, wale wanaotoboa mbao za paa. Nguzo zina grisi. Wiki ijayo nazungushia miche matawi ya miiba.