Nilivyogawa mzigo kwenye poti nne za swichi, na kamera ya geti ikaniumbua

Msimu wa matokeo pale chuoni simu yangu haipumziki. Jumatatu hiyo dada wa uhasibu alikuwa mtu wa tatu kupiga kabla sijamaliza chai. "Kaka, mtandao umelala tena. Naona kiduara kinazunguka tu." Nikamwomba dakika kumi. Moyoni nilijua kosa haliwezi kuwa kwangu, maana wiki mbili nyuma nilisimama mbele ya mkuu wetu wa TEHAMA nikijigamba kwamba kati ya jengo la seva na jengo la ofisi sasa tuna gigabiti nne.

Nikafungua grafu za swichi ya jengo la seva, kile kisanduku chenye poti za kuchomekea kebo za mtandao. Poti ya kwanza imejaa pomoni. Ya pili, ya tatu na ya nne, mistari imelala chini kabisa. Gigabiti nne nilizojigamba nazo zilikuwa gigabiti moja na kebo tatu za mapambo.

Nirudi nyuma kidogo. Awali majengo yale yaliunganishwa kwa kebo mbili za faiba, na aliyenitangulia aliamini zote mbili zinapiga kazi. Wapi! Ukiunganisha swichi mbili kwa kebo zaidi ya moja bila kuziambia lolote, itifaki ya STP, ile aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985, inaziba njia zote ibaki moja, ili fremu, yaani vifurushi vya data, zisizunguke milele na kuuangusha mtandao mzima. Ni msaada mkubwa, ila kebo ya pili inakaa benchi ikingoja ya kwanza iumie. Dawa ni kuzifunga kebo pamoja, swichi izione kama poti moja nene. Cisco huita EtherChannel, Linux na MikroTik huita bonding, na kiwango chake rasmi kilitoka mwaka 2000 kwa jina la IEEE 802.3ad, kikahamishiwa 802.1AX mwaka 2008. Mimi naliita tita, kama tita la kuni.

Nikaongeza kebo mbili, zikawa nne, nikalifunga tita jioni moja kwa LACP, itifaki ambayo swichi mbili hutumia kukubaliana juu ya tita. Nusu ya jioni hiyo niliipoteza kwa sababu pande zote mbili niliziweka kwenye passive. Kila swichi ilikuwa inangoja mwenzake aanze kusalimia, kama wakwe wawili waliokutana mara ya kwanza. Nilipoweka upande mmoja active, tita likashika papo hapo, taa nne za kijani zikawaka, nami nikaenda kujigamba.

Nisichokijua siku ile ni kwamba swichi haitazami foleni. Nilidhani inafanya kama konda mwenye akili: poti hii imejaa, basi pakiti inayofuata ipite ile tupu. Haifanyi hivyo. Inachukua anwani zilizoandikwa kwenye fremu, inazipigia hesabu fupi, na jibu la hesabu ndilo linalosema poti ipi. Anwani zilezile, jibu lilelile, poti ileile, hata kama poti hiyo inatoa jasho na jirani zake wanasinzia.

Kuna sababu ya maana. Pakiti za mazungumzo mamoja zikitawanywa kwenye kebo nne, zitafika zimevurugika mpangilio, namba 7 kabla ya namba 5. TCP, itifaki inayohakikisha data imefika yote na kwa mpangilio, ikipata vithibitisho vitatu vya kurudiarudia inahitimisha kuwa kuna pakiti imepotea, inaituma upya na kupunguza mwendo. Kwa hiyo ungegawa sawasawa kabisa na bado watu wangelalamika. Waliotunga mpango huu waliamua kila mazungumzo yabaki kwenye kebo yake. Maana yake pia ni kwamba mtu mmoja anayenakili faili moja hatapata zaidi ya gigabiti moja, hata ukifunga kebo nane.

Basi swali la kwanza likawa: swichi yangu inapiga hesabu kwa anwani zipi? Niliandika amri ya kuonyesha mpangilio wa mgao, na jibu lilikuwa la kiwandani: anwani ya MAC ya mtumaji, ile namba ambayo kifaa hupewa kiwandani, basi. Hapo nikaelewa kila kitu, nikajishika kichwa. Ruta yetu iko jengo la seva, na seva ziko VLAN tofauti na ofisi, yaani mitandao iliyotenganishwa juu ya swichi zilezile. Data yote inayokwenda ofisini, iwe ya mfumo wa matokeo, ya faili au ya intaneti, lazima ipite kwenye ruta kwanza. Na ruta ikiisukuma fremu mbele, inafuta MAC ya mtumaji halisi na kuandika yake. Machoni pa swichi, jengo zima la ofisi lilikuwa linatumiwa data na mtu mmoja tu. Mtumaji mmoja, jibu moja, poti moja.

Upande wa pili, kutoka ofisini kwenda kwenye seva, mambo yalikuwa shwari, kwa sababu pale kila kompyuta ilikuwa na MAC yake. Hili huwachanganya wengi. Kila swichi inaamua yenyewe jinsi ya kutuma, wala haiulizi mwenzake. Tita linaweza kuwa na afya kwenda na kuugua kurudi, na ukitazama grafu ya upande mmoja tu utaapa kwamba hakuna tatizo.

Usiku huo nilibadilisha swichi ya jengo la seva ihesabu kwa anwani za IP, ya mtumaji na ya mpokeaji pamoja. Hesabu yenyewe, kwa swichi zetu, inachukua biti tatu za mwisho za kila anwani na kuzilinganisha kwa XOR: biti zikifanana inaandika 0, zikitofautiana inaandika 1. Anwani ya seva ya matokeo inaishia na 20, ambayo biti zake tatu za mwisho ni 100. Kompyuta ya uhasibu inaishia na 33, yaani 001. Ukizipambanisha unapata 101, ambayo ni 5. Gawa kwa poti nne, baki ni 1, na baki 1 ni poti ya pili, kwa kuwa tunaanza kuhesabu na sifuri. Jirani yake mwenye 34 anapata 6, poti ya tatu. Mwenye 35 anapata 7, poti ya nne. Mwenye 36 anapata 0, poti ya kwanza. Watu wanne waliokaa meza moja, poti nne.

Asubuhi mistari ya grafu ilikuwa imeinuka yote minne. Haikulingana, na usitegemee ilingane, maana mmoja anasoma barua pepe na mwingine anapakua video. Lakini hakuna iliyojaa. Dada wa uhasibu hakupiga simu, na kwa kazi yetu hayo ndiyo makofi.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Ila nina ugonjwa wa kupenda vitu vifanane. Swichi ya jengo la ofisi ilikuwa bado inahesabu kwa MAC, na ilikuwa haina kosa lolote. Nikaona haipendezi, nikaigeuza nayo ihesabu kwa IP.

Siku ya nne mlinzi wa zamu ya usiku akanisimamisha getini. Shikamoo, marahaba, kisha akasema, "Bwana kompyuta, ikifika saa nane za usiku kamera ya geti inaganda. Mtu anatembea, mara yupo hapa, mara yupo kule, katikati hayupo." Nikamuuliza kama ni kamera zote. Akasema hapana, ya korido iko sawa, ya maegesho imeganda, ya maabara iko sawa. Moja ndiyo, moja siyo, kama kete za bao zilizopangwa.

Saa nane usiku ndipo bakapu (nakala ya akiba) ya seva ya maktaba inapoanza: GB 600 hivi kutoka jengo la ofisi kwenda kwenye hifadhi iliyoko jengo la seva. Bakapu ni mazungumzo mamoja, na mazungumzo mamoja yanakula poti moja yote kwa karibu saa moja na nusu. Hilo nililijua. Lakini kwa nini kamera moja ife na jirani yake ipone?

Nilitoa daftari la fundi aliyezifunga kamera. Ziko 18, na kijana wa watu kazipa anwani za IP kwa utaratibu mzuri, namba ya mwisho ikiwa .10, .20, .30, hadi .180. Mashine ya kurekodi, iliyoko jengo la seva, kaipa .200. Hata mimi ningefanya hivyo, ni rahisi kukumbuka. Sasa gawa namba yoyote ya makumi kwa 4, maana kwa poti nne baki hilo ndilo linaloamua. Baki ni 0 au 2. Haiji 1, haiji 3. Na 200 yenyewe baki yake ni 0, kwa hiyo haibadilishi kitu. Kamera zote 18 zilikuwa zinapita poti ya kwanza na poti ya tatu tu: .20, .40, .60 na wenzao poti ya kwanza, .10, .30, .50 na wenzao poti ya tatu. Bakapu nayo, seva ya .8 kwenda hifadhi ya .52, jibu lake ni poti ya kwanza. Kamera ya geti ni .20. Ya korido ni .30. Fundi alipenda namba za mviringo, mimi nikapenda swichi zifanane, na geti likaganda.

Wakati nahesabu kwa MAC kamera zilikuwa zimetawanyika zenyewe, kwa sababu kiwandani hakuna anayeruka kwa makumi.

Dawa kamili ilikuwa kubadilisha anwani za kamera 18 moja baada ya nyingine, nyingine zikiwa juu ya nguzo na nywila zake hazijulikani. Nikaanza na ndogo. Mashine ya kurekodi ndiyo inayozifuata kamera, si kamera zinazoifuata, kwa hiyo nilihamisha mashine peke yake kutoka .200 hadi .201. Namba moja tu. XOR ikageuza biti ya mwisho kwa kila kamera: zilizokuwa poti ya kwanza zikaenda ya pili, zilizokuwa ya tatu zikaenda ya nne. Bado zilikuwa zinatumia poti mbili tu kati ya nne, lakini zilikuwa zimeikimbia bakapu. Mkuu wangu akiuliza habari ya usawa nitamwambia ukweli: mimi usawa nimeacha kuutafuta, ninachotafuta ni foleni isiwepo.

Bakapu nayo niliigawa mara mbili. Hifadhi niliipa anwani ya pili, .50, nikapanga nusu ya folda ziende .52 na nusu ziende .50. Kuanzisha kazi mbili kwenda anwani ileile kusingesaidia kitu, kwa sababu swichi zetu hazisomi namba za poti za TCP. Kwao jozi ya anwani ni ileile na jibu ni lilelile. Ukiwa na swichi inayosoma hadi huko, mahangaiko haya yote huyahitaji. Bakapu ikaanza kupita poti ya kwanza na ya tatu, ikashuka hadi dakika hamsini hivi.

Siku hizi kabla ya kugusa chochote naiuliza swichi kwanza. Nyingi zina amri ya majaribio: unaipa anwani mbili, inakujibu zitapita poti gani. Ningeijua mapema nisingejaza karatasi tatu kwa XOR. Na grafu nimeziweka zipige wastani wa sekunde 30 badala ya dakika tano, maana wastani wa dakika tano unaweza kukuonyesha poti iliyotulia kumbe kila baada ya muda inafurika kwa sekunde chache na kumwaga pakiti. Siku hizi kihesabu cha pakiti zilizotupwa ndicho nakitazama kabla ya grafu.

Mwezi uliopita moduli ya faiba ya poti ya nne ilikufa. LACP ilifanya kazi yake, tita likabaki na kebo tatu na hakuna mtumiaji aliyejua. Mkuu akatazama grafu akaniuliza kwa nini poti moja inabeba kidogo kuliko mbili nyingine. Nikamweleza: biti tatu zinatoa majibu manane, na manane hayagawanyiki kwa tatu, kwa hiyo wawili wanachukua matatu matatu na mmoja anabaki na mawili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikaagiza moduli Dar, wakasema itakuja na basi la kesho kutwa, nikaenda kulala kwa amani.

Saa nane na dakika kumi usiku simu ikaita. Mlinzi. "Bwana kompyuta, samahani kukuamsha. Geti limeganda tena."

Nikakaa kitandani, nikachukua kalamu. Kamera .20 na mashine .201, jibu 5. Bakapu .8 na .50, jibu 2. Ukigawa kwa nne, 5 na 2 hawajuani. Ukigawa kwa tatu, wote baki yao ni 2.