Mwari anafunzwa, mtoto je?

Hapa Unguja unyago, ngoma ya kumfunza mwari, tunao miaka na miaka, mwimbaji wetu Bi Kidude mpaka anafariki 2013 watu wa nje walishamjua kwa ngoma hiyo, na bibi harusi mpaka leo anawekewa somo, yaani kungwi, amfunze mambo ya chumbani wala hakuna anaeona aibu. Chuoni kwa Kurani nako watoto wanasomeshwa hedhi na janaba kwenye fiqhi, sheria za dini, kitabu wazi. Ila mtoto kavunja ungo, kaona damu, kamfata mamaake, anapewa kitambaa na "usicheze na wanaume" basi, kuchezaje hajui! Mie inaniuma sana hii maana anaetaka kumharibu hangoji harusi. Mama zangu waambieni mapema, na watoto wa kiume pia jamani, mbona wao hatuwasemeshi kabisa?